Matairi ya Kumbebea Mama Mkwe

Malangali, Sumbawanga

Mwangaluka mayu, na shikamoo juu yake.

Nakuamkia wewe kwanza, ndipo niulize habari za goti lako. Dada Kabula aliniambia limetulia tangu mvua zipungue huko, na kwamba siku hizi unakwenda mwenyewe hadi kwa jirani kuomba moto na kurudi na habari za kijiji kizima. Nimefurahi sana. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanionea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawacheka Wafipa wanavyovaa makoti hadi saa ya chakula cha mchana. Sasa na mimi ninalo koti, nina kofia ya sufu, na ukiniona kwa mbali utadhani ni mzee wa hapa anakwenda kusikiliza kesi ya shamba.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu unauliza ng'ombe wa baba mdogo wanaendeleaje, halafu unasema salio langu linaisha, unakata. Habari ya leo haienei kwenye salio. Mwambie Kabula akae vizuri akusomee taratibu, asiruke mistari kama anavyofanya akiwa na haraka zake.

Unakumbuka nilikueleza habari za Leokadia, binti wa hapa Malangali anayeshona sare za shule, yule niliyekutumia picha yake ukasema ana macho ya mtu asiyedanganywa. Baba yake alishafariki. Mwenye kauli nyumbani kwao ni mama yake, mkulima wa mahindi na ulezi, mama mtulivu, haongei sana lakini akiongea watu huacha wanachokifanya. Posa nilimtuma fundi Nolasko. Huyu ndiye anayenitengenezea pikipiki yangu ya kubebea maziwa, na nilimfanya mshenga kwa kuwa ni Mfipa mwenzao, wanasali jumuiya moja, na ulimi wake unafanya kazi vizuri kuliko spana zake. Posa ikapokelewa. Tukaambiwa tusubiri jibu.

Sasa wakati tunasubiri, mama, nikaanguka. Usishike kifua, nilichubuka kiwiko tu na kimeshapona. Ilikuwa Jumapili, mvua ilinyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa natoka kuchukua maziwa kwa wafugaji wenzetu nje ya mji. Tairi langu la nyuma lilikuwa kipara, limebaki laini kama kisigino cha mtoto, nami kila siku najiambia litafika mwisho wa mwezi. Kwenye mteremko wa kanisani nikagusa breki. Pikipiki ikaenda zake, nami nikaenda zangu. Madumu yakafunguka, lami yote ikawa nyeupe, na misa ndiyo kwanza imetoka. Watu wamejaa barabarani na sare zao za kwaya. Nilipoinua kichwa nikaona viatu vyeusi vimesimama pembeni ya maziwa. Nikapandisha macho polepole, nikakutana na mama yake Leokadia. Akasema, "Pole, baba." Kisha akainua kitenge kidogo, akavuka maziwa yangu, akaenda nyumbani.

Nilijua nimekwisha. Siku chache baadaye Nolasko akaja ninapokaa, hakuketi, akanipa jibu hali amesimama.

"Amesema hivi," akaniambia. "'Binti yangu atakaa nyuma ya huyo kijana maisha yake yote. Basi nikae mimi kwanza. Anipeleke kijijini Kate, kwa kaka yangu, kwa pikipiki hiyo hiyo. Huko ndiko nitakakosema ndiyo au hapana.'"

Nikamuuliza Nolasko, "Na wewe mshenga ulijibu nini?"

"Nilijibu kwamba matairi utabadilisha. Ningejibu nini kingine?"

Basi ikawa hivyo, mama. Mke wangu, nyumba yangu, wajukuu unaoniuliza kila mwaka, yote yakawa yamewekwa juu ya matairi mawili ambayo sijayanunua. Nilikosa hamu ya kula. Leokadia mwenyewe alikuwa anacheka tu, ananiambia mama yake hajawahi kupanda pikipiki ya mtu yeyote, kwa hiyo nijihesabu nimependelewa.

Tulikwenda mimi na Nolasko duka la vipuri mjini, na naomba unisikilize hapa hata kama mambo ya matairi hayakuhusu, maana tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuangalia matairi ya kila pikipiki inayopita. Muuzaji alitaka kunipa kashata, yale yenye vipande vikubwa vinavyojitokeza kama sabuni iliyokatwa. "Njia za Rukwa ni kashata tu, ndugu yangu," akasema, akalipigapiga. Nolasko akamjibu kwamba huyu kijana saa nyingi yuko kwenye lami, na kashata kwenye lami ni sawa na kuvaa njumu sebuleni. Alikuwa sahihi. Niliwahi kuyatumia. Yanatetemesha pikipiki hadi meno, maziwa yanafika mjini yana siagi juu, na wateja wangu walishaanza kuniuliza kama nimehamia kwenye mtindi.

Muuzaji akaleta lingine, akaapa kwamba nitalitumia hadi nizeeke. Nolasko akalikandamiza kwa kucha. Kucha haikuingia hata kidogo. Akasema hili ni gumu, kweli litadumu, ila kwenye lami iliyoloa litakuwa linanipeleka linakotaka lenyewe. La tatu lilikuwa laini sana, linang'ang'ania hata kidole, lakini hilo nalo akalikataa. Kwa mizigo yangu lingekwisha kabla ulezi haujavunwa. Nilianza kuchoka, nikaona kama tumekuja kuchagua ng'ombe wa mahari.

Ndipo akalitoa mwenyewe kwenye rafu ya chini. Kucha ilizama kidogo, ukiiondoa alama inarudi. Mifereji yake inatoka katikati inakwenda hadi kwenye mabega ya tairi, ili ukilala kwenye kona maji yapate pa kutokea. Pembeni kuna namba ya wiki na mwaka lilipotengenezwa, nalo lilikuwa bado bichi, si kama yale yaliyoning'inizwa juani mlangoni hadi yamepauka. Tukachukua mawili yanayofanana, la mbele na la nyuma, na tyubu mpya. Nolasko alipomaliza kuyafunga alinionya kwamba tairi jipya lina utelezi wake wa kiwandani. Nisikimbie, nisilale kona, nilizoeze barabara kwa upole kwanza. Nikalizoeza, mama. Nilikuwa naendesha polepole kiasi kwamba wenye baiskeli walinipita wakinipa pole. Kila jioni napitisha kiganja juu ya tairi, nasikia linavyozidi kukwaruza, moyo unapoa. Mvua ikinyesha natoka makusudi kulijaribu. Pale pale kwenye mteremko wa kanisani nikagusa breki, na pikipiki ikasimama kama imeitwa jina. Nilifurahi nikaimba peke yangu ndani ya kofia ngumu.

Hapo ndipo alipofika baba mdogo Jilala kutoka Kaoze. Nilikuwa nimemwita, kwa kuwa baba hayupo na jambo la mke haliwezi kuendeshwa na kijana peke yake. Alipanda kutoka bondeni kwa lori la mahindi, amejifunga shuka mbili, ameshika fimbo yake na kopo kubwa la samli ya ng'ombe wake. Nilipomweleza safari ya Kate alikaa chini.

"Mkwe?" akasema. "Umpakie mgongoni? Sisi mkwe ukimwona njiani unampisha, unatazama pembeni. Wewe unataka kumfunga kiunoni."

"Baba mdogo, ni yeye mwenyewe aliyetaka."

"Hata kama. Nitamwambia nini mama yako?"

Unaona alivyokutaja. Alikataa chakula. Ikabidi Nolasko aende na kurudi kati ya nyumba mbili hadi suluhu ikapatikana: mama Leokadia alikuwa anampelekea kaka yake kiroba cha ulezi, basi kiroba kitakaa katikati yetu kwenye kiti. Mimi mbele, ulezi kati, mkwe nyuma, naye atashika chuma cha kubebea mizigo badala ya kunishika mimi. Baba mdogo alikwenda kukipima kile kiroba kwa shubiri, akakiona kina heshima ya kutosha, ndipo akala.

Asubuhi ya safari nilikwenda kuwahi maziwa ya wateja kwa miguu, pikipiki nikaiacha uani imeoshwa. Niliporudi nikaikuta inang'aa. Matairi yalikuwa meusi, yanametameta kuliko siku nilipoyanunua. Nikadhani Nolasko amepita na kitambaa. Nikavaa koti, nikaenda nayo taratibu hadi kwa kina Leokadia, si mbali, njia ni ya vumbi lililoshikana na ni tambarare, sikuhisi kitu. Watu walikuwa wameshajipanga. Baba mdogo na Nolasko wametangulia, majirani wamesimama kwenye vizingiti vyao wakijifanya wanafagia, Leokadia yuko mlangoni na mkanda wa kupimia nguo shingoni. Mama yake akatoka na koti la marehemu mumewe, rozari mkononi. Akapanda kwa adabu zake. Ulezi ukakaa kati yetu.

Pale mbele ya nyumba yao kuna kipande cha saruji kinachoshuka hadi barabarani, na kilikuwa na umande. Niliachia klachi, tairi la nyuma likateleza upande, likarudi, likateleza upande wa pili. Nikatia miguu yote miwili chini. Nyuma yangu nikasikia rozari ikigonga chuma. Hatukuanguka. Lakini nikapata harufu, mama, harufu ninayoijua tangu utotoni, ya sikukuu na ya watoto waliopakwa wakang'aa.

Nikainama, nikapitisha kidole kwenye tairi. Samli.

Nikamtazama baba mdogo. Naye alikuwa anatabasamu, anasubiri nimsifu. "Nimeyapaka yote mawili," akasema. "Mpira ni kama ngozi tu, ukiuacha mkavu unapasuka. Kamba zangu za ng'ombe hupaka samli, ngoma hupaka samli, zote zinadumu. Si ulisema unataka yadumu?"

Sikujua nicheke au nilie. Alitumia karibu nusu ya lile kopo, samli safi ambayo angeweza kuila mwenyewe. Alifanya kwa mapenzi yote, kama vile ambavyo ungefanya wewe. Nolasko akanisogelea, akaninong'oneza, "Usiseme kitu. Nenda mdogo mdogo, itafutika kwenye lami. Ukimshusha sasa hivi mbele ya watu wote hawa, umeshakosa mke." Baba mdogo, aliyesikia nusu yake tu, akaitikia kwamba jua likitoka itakauka.

Nilikaa pale nimeshika usukani. Nilimwona Leokadia mlangoni, hacheki tena. Nikajua kabisa kwamba nikimwambia mama yake matairi hayafai, safari imekufa na jibu nimelipata. Halafu nikawaza ile kona ya kwanza ya lami, na yule mama mtu mzima nyuma yangu ameshika chuma. Nikasema, "Mama, naomba ushuke. Pikipiki hii sikupakii."

Akashuka. Akazunguka, akainama, akagusa tairi, akanusa kidole. Akamtazama baba mdogo, aliyekuwa ameanza kuelewa na anataka kujificha ndani ya shuka zake. Kisha akamgeukia binti yake.

"Leokadia," akasema, "leta majivu ya jikoni. Na sabuni ya unga, na lile gunzi la kusugulia sufuria."

Mama, ungetuona. Mimi nilipiga magoti upande mmoja, yeye akakunja mikono ya lile koti upande wa pili, tukasugua matairi kwa majivu na sabuni kama masufuria ya harusi. Leokadia anamwagia maji. Mkwe aliniambia niingize gunzi ndani ya kila mfereji, maana mafuta hujificha, na aliporidhika na la nyuma akahamia la mbele. Baba mdogo alisimama pembeni akisema, "Nisamehe, mama, nisamehe." Naye bila kuinua kichwa akamjibu, "Baba, samli hiyo imebaki? Kaka yangu anaipenda sana kwenye ugali wa ulezi." Baba mdogo akakimbia kuchukua kopo. Sijamwona akikimbia hivyo tangu fisi aingie zizini.

Nikatoka peke yangu kwanza. Nikaenda hadi mteremko wa kanisani na kurudi, nikafunga breki kwa nguvu, nikafunga tena, nikageuza kona. Likashika. Nikarudi nikasema, "Sasa twende, mama." Akapanda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Safari yenyewe nitakusimulia siku tukionana, nikiandika yote karatasi itakwisha. Mahindi yamesimama kotekote, upepo unayalaza na kuyainua, anga imekuwa kubwa, na barabara imeoshwa. Tulipokuwa katikati mvua ikatukuta, ile ya huku ambayo ni baridi kama ya kisima. Nikapunguza mwendo. Kwenye kila kona nilikuwa nasikiliza tairi kwa mgongo, nalo lilishika, mama, lilishika hadi nikatamani kona ziongezeke. Baada ya muda nikasikia sauti nyuma yangu, juu ya kiroba. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini, peke yake. Machozi yakanitoka, na kwa bahati mvua ilikuwepo.

Tulipoiacha lami kuelekea kijijini tukakuta kilima cha udongo mwekundu uliolowa. Matairi yangu ni ya lami. Yangeweza, au yasingeweza. Nikasimama. "Mama, hapa ushuke tena, utembee hadi juu. Mimi nitaisukuma." Akashuka, akabeba viatu mkononi, akapanda kile kilima akiwa mbele yangu, mimi nasukuma na ulezi wake, natokwa jasho ndani ya koti. Juu akanisubiri, akavaa viatu vyake.

Kaka yake, mjomba Gaudensi, ni mtu mrefu, mkavu, na alikuwa ameshasikia habari zote. Alipokea ulezi, akaipokea samli kwa mikono miwili, akatukaribisha ndani. Nilikaa karibu na mlango. Akamuuliza dada yake, "Haya, umeonaje?"

Akasema, "Amenishusha mara mbili."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama chini. Nilijua basi, imekwisha, nikaanza kupanga maneno ya kukuandikia wewe.

"Mara ya kwanza mbele ya majirani wote," akaendelea. "Alijua kabisa mimi ni nani na nimekuja kufanya nini, akanishusha. Mara ya pili kwenye tope lako hapo chini. Kaka, mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini hakuna siku aliyokubali mbele za watu kwamba hawezi. Huyu anakubali. Mpeni."

Hivyo hivyo tu, mama. "Mpeni." Mjomba akacheka, akaita watu wa jikoni walete ugali wa ulezi na ile samli, na mimi nikala hadi nikaona aibu. Kurudi, kiroba kilibaki Kate. Baba mdogo alipoulizia nini kilikuwa katikati yetu wakati wa kurudi nilimwambia koti langu la baridi, na huo si uongo.

Kwa hiyo anza kujiandaa. Ndoa ni baada ya mavuno, siku tutaambiwa na padri nikimaliza mafundisho. Baba mdogo amekwisha kuchagua ng'ombe wa mahari, na safari hii hapaki mtu wala kitu chochote samli bila kuniuliza. Nguo yako atashona Leokadia mwenyewe, kwa hiyo Kabula akupime mabega na urefu, aandike vizuri. Njoo na nguo nzito. Goti lako lisikutie hofu, basi litakuleta hadi stendi, na kutoka stendi hadi nyumbani utapanda nyuma yangu.

Nisalimie dada yangu Kabula anayesoma hapa, na mwambie asianze kulia kabla hajamaliza. Nisalimie bibi, mama yake baba, mwambie mjukuu wake hajaoa mtu mvivu. Mjomba Sitta, ndugu yako, mwambie namhitaji kwenye ngoma. Shemeji yangu, mume wa Kabula, mwambie aangalie matairi ya pikipiki yake leo hii, namjua. Na mama Shija wa jirani, anayekupa moto na habari, mwambie hii habari aieneze, nimempa ruhusa.

Salamu ya mwisho si yangu. Jana mama Leokadia alikuta nakuandikia, akakaa kwenye kigoda, akafikiri kidogo, akaniambia nikuwekee maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie mama yako sijamjua bado. Lakini nimekaa nyuma ya mwanawe siku nzima, kwenye mvua, na macho sikuyafumba."

Mwanao anayekupenda na kukungoja,

Luhende